Mkato na Nukta Ubaoni Dzaleka

Andika 2,345 juu ya kipande cha karatasi, ukiweke mezani bila neno lolote la kukieleza, kisha mwite kijana aliyesomea hesabu zake Bukavu na mwingine aliyezisomea Lilongwe, uwaulize faraghani, mmoja baada ya mmoja, hiyo ni namba gani. Wa kwanza atasema ni mbili na kitu, haijafika hata tatu. Wa pili atasema ni elfu mbili mia tatu arobaini na tano. Wala hakuna mwongo baina yao, wala mjinga, kwa kuwa kila mmoja amesoma kwa uaminifu kama alivyofundishwa, na tofauti ya majibu yao, ambayo ni mara elfu nzima, haikutoka katika akili zao bali katika alama ndogo yenye umbo la ukucha wa mtoto mchanga.

Mahali ambapo vijana hao wawili huketi dawati moja pako, napo ni Dzaleka. Ukitoka Kanengo, mtaa wa viwanda ulio kaskazini ya Lilongwe, penye maghala na minada ya tumbaku, ukaishika barabara kuu ya M1, ukapita Lumbadzi na kuendelea mbele hata njia panda ya Dowa, utafika katika makazi haya ya wakimbizi, ambayo kutoka mjini ni mwendo wa kilomita 45 hivi. Siku za Rais Hastings Kamuzu Banda palikuwa gereza, na wafungwa wa siasa walilijua jina lake kwa hofu. Mwaka 1994 pakageuzwa pahala pa hifadhi ya watu waliokimbia vita, pakakadiriwa kutosha watu 10 000 hadi 12 000, na sasa wamepindukia 50 000, wengi wao kutoka Kongo, kisha Burundi na Rwanda, na wachache kutoka Uhabeshi na Somalia. (Msomaji ataona kwamba nimetenga maelfu kwa nafasi tupu, si kwa mkato wala kwa nukta. Nimefanya hivyo kwa makusudi, na sababu itakuja mahali pake; na pakitokea desimali nitaitenga kwa nukta, isipokuwa pale ninapoonyesha desturi ya wengine.) Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao sokoni, kanisani na msikitini, lakini skuli hufuata mtaala wa Malawi, kwa Kiingereza, na mitihani ni ya baraza la mitihani la Malawi, liitwalo MANEB. Basi mtoto wa Kongo, ambaye nyumbani husema Kiswahili na ambaye alifundishwa hesabu kwa Kifaransa, hujikuta anazifanya upya kwa Kiingereza, na watu wote humhurumia kwa sababu ya lugha tatu alizo nazo kichwani. Aghalabu hawamhurumii kwa sababu ya alama, kwa kuwa alama za hesabu husadikiwa kuwa ni lugha ya dunia nzima, isiyo na kabila wala pasi ya kusafiria.

Dhana hiyo ni nzuri, walakini si kweli. Tuseme binti aliyesoma Uvira hata akakaribia mtihani wa taifa ameletwa na mashaka ya vita mpaka Dzaleka, akaitwa ubaoni kuandika namba zote zilizo baina ya 1 na 5, pasipo 1 na 5 zenyewe. Ataandika ]1; 5[, mabano ya pembe yamegeuziana migongo kama watu waliogombana, kwa maana katika mapokeo ya Kifaransa na Kibelgiji bano lililoipa namba mgongo ni ishara kwamba namba ile haimo. Mwalimu wa Kimalawi, aliyezoea kuandika (1, 5), atadhani binti ameyapindua mabano kwa bahati mbaya, na labda atayasahihisha kwa huruma. Binti naye akiitazama (1, 5) ya mwalimu hataona namba zilizo baina ya mbili, bali pahala katika grafu, hatua moja kulia na hatua tano juu. Na mwenzake aliyetoka Bujumbura, ambaye mkato kwake ni desimali, ataona moja na nusu iliyofungwa mabanoni bila sababu. Alama zile zile, ubao ule ule, maana tatu. Ndiyo maana vitabu vya Kifaransa hutenga kwa nuktamkato pale ambapo vya Kiingereza hutenga kwa mkato: mkato tayari una kazi nyingine, na mtumishi mmoja hawezi kutumwa na mabwana wawili kwa wakati mmoja.

Mifano ya namna hii haiishi. Binti huandika tg palipo tan. Akitakiwa aonyeshe ni kwa namna ngapi watu watatu waweza kuchaguliwa kutoka katika kumi, ataandika C kubwa, ataweka 10 chini yake na 3 juu, kama ilivyo katika vitabu vingi vya mapokeo ya Kifaransa. Mwenyeji ataiweka 10 juu upande wa kushoto na 3 chini upande wa kulia, na kila mmoja ataiona kazi ya mwenziwe kuwa imesimama kichwa chini miguu juu. Akigawanya, huweka kigawanyishi upande wa kulia wa mstari wa wima na jawabu chini yake, hali mwenyeji hulipandisha jawabu juu ya paa. Akisema namba fulani ni chanya, huenda anaitia na sifuri katika hesabu, kwa kuwa Kifaransa huihesabu sifuri kuwa chanya mpaka useme chanya kwa dhati, Kiingereza huitoa. Hata mwandiko una siasa yake: moja ya Kikongo ina pua ndefu iliyoshuka, na mwalimu aliyezoea moja iliyo kijiti kitupu huisoma saba, ilhali saba ya Kikongo, kwa kuihofia moja hiyo, hupigwa mshipi tumboni ili isichanganyike nayo.

Mimi sidhani kuna msiba mkubwa katika tofauti hizi zenyewe. Msiba huja pale ambapo mgeni wa alama huhesabiwa kuwa mjinga wa hesabu, akatiwa mkwaju mwekundu, akarudishwa madarasa mawili nyuma, na hakuna aliyemwuliza alikusudia nini. Mtu aliyesema bustani akimaanisha shamba hatumwambii kwamba hajui kulima.

Maadamu tumefika hapa, inafaa tuulize alama ya hesabu ni kitu gani hasa. Si picha ya kitu, kama picha ya tembo ilivyo picha ya tembo. Wala haina maana tumboni mwake, kama jiwe lilivyo na uzito. Ni mapatano. Mtu mmoja amesema, "Tangu sasa nikiweka mchoro huu, nakusudia jambo hili," na mwingine amekubali. Na mapatano hayo hudumu kadiri wawili hao wanavyoyatimiza. Kwa hiyo uthabiti wa alama katika maandishi ya elimu, jambo ambalo wanafunzi huliona kuwa ukali wa bure wa wasimamizi wao, ni uaminifu ule ule unaotakiwa katika mkataba wa nyumba au wa mahari: lililoandikwa ukurasa wa kwanza lisigeuzwe ukurasa wa ishirini bila upande wa pili kupewa habari.

Kwa muda mrefu sana wataalamu hawakuhitaji mapatano hayo, kwa kuwa waliandika hesabu kwa maneno. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyekaa Baghdad katika karne ya tisa, ambaye kitabu chake cha al-jabr ndicho kilichoipa aljebra jina, hakutumia alama hata moja ya kuandikia milinganyo. Kisichojulikana alikiita kitu, au mzizi. Na kitu kilichozidishwa kwa nafsi yake alikiita mal, neno lile lile ambalo Waswahili tumelirithi katika mali. Tatizo lake mashuhuri, ambalo leo mtoto huliandika x² + 10x = 39 kwa pumzi moja, yeye alilieleza kwa sentensi kamili, akasema habari ya mali na mizizi yake kumi na jumla iliyopatikana, na jawabu, yaani mzizi ambao ni 3, akalipata kwa sentensi nyingine na nyingine. Uandishi wa namna hiyo ni mrefu, lakini una salama yake, kwani neno lina jamaa zake katika lugha, na likipotoka jamaa hulirudisha. Alama haina jamaa. Ni yatima aliyelelewa na yule aliyemwandika, na mlezi akimsahau hakuna wa kumtambua.

Mabadiliko yalikuja polepole na kwa fujo. Alama ya usawa, ile mistari miwili inayolala sambamba, ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1557 na Robert Recorde, mtabibu wa Wales, ambaye aliona kwamba hakuna vitu viwili vinavyolingana kuliko mistari miwili sambamba ya urefu mmoja. Mwaka uliofuata akafia gerezani London kwa sababu zisizohusiana na hesabu. Lakini mtu asidhani kwamba dunia iliipokea kwa vigelegele. René Descartes, mwaka 1637, miaka 80 baadaye, aliwapa walimwengu desturi ya kuziita namba zisizojulikana x, y na z, na zinazojulikana a, b na c, na katika kitabu hicho hicho akaandika usawa kwa alama nyingine kabisa. Alama ya kuzidisha, ×, ilitoka kwa William Oughtred mwaka 1631, na Leibniz akaikataa katika barua ya mwaka 1698 kwa hoja ambayo kila mwalimu anayesahihisha madaftari leo ataiunga mkono: inafanana mno na x. Alama ya kugawanya, ÷, ilitumiwa na Johann Rahn mwaka 1659, na katika nchi za Denmark na Norway watu wakaitumia miaka mingi kuwa alama ya kutoa, hata mfanya biashara wa huko angeweza kukupunguzia deni na wewe ukadhani analigawanya. Huko Uingereza wafuasi wa Newton waling'ang'ania nuktanukta zake za kalkulasi juu ya herufi kwa uzalendo, wakakataa taratibu ya Leibniz iliyokuwa nyepesi zaidi, mpaka vijana wa Cambridge, Charles Babbage miongoni mwao, walipoanzisha chama mwaka 1812 kwa nia ya kuileta. Taifa zima lilichelewa kwa sababu ya nukta.

Nimeirefusha historia hii kwa sababu moja. Anayejua kwamba alama zilibishaniwa, zikagombewa, nyingine zikafa na nyingine zikabadilisha kazi, hataona haya kueleza alama zake mwenyewe katika tasnifu; anayedhani zilishuka kutoka mbinguni hueleza kila kitu isipokuwa hizo.

Tuje sasa katika tasnifu yenyewe, na tuchukue mfano usio mbali na Kanengo. Mwanafunzi wa Bunda, katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Maliasili cha Lilongwe, tuseme anaandika juu ya mahindi, mbolea na faida ya mkulima. Katika sura ya udongo P ni fosforasi, na hana hiari, kwani ndivyo wanakemia wa dunia nzima walivyopatana. Katika sura ya soko p ni bei, kwa kuwa kitabu cha uchumi alichokisoma kimeiandika hivyo. Katika sura ya takwimu p ni uwezekano wa kupata matokeo ya kiasi hicho au kuzidi, iwapo ni bahati tu inayotenda kazi. N ni naitrojeni, na n ni idadi ya wakulima aliowahoji, ambayo katika jedwali moja, kwa haraka ya usiku wa mwisho, imepanda cheo ikawa N. Na K je? K ni potasiamu, na K ni kwacha. Msomaji akikuta sentensi isemayo kwamba K ilipozidi mavuno hayakuzidi, hajui kama mkulima alipoteza fedha au alipoteza mbolea; na mwandishi mwenyewe, akiulizwa mbele ya jopo la wasahihishaji miezi sita baadaye, hajui vilevile.

Dawa ya ugonjwa huu si ngumu. Alama za wanakemia, na za vipimo vya kimataifa, ni kama wageni wenye cheo: wakiingia barazani, vijana husimama wakawapisha. Basi bei na idadi, ambazo ni herufi za kuchagua, zitafutiwe viti vingine, na viti hivyo visibadilishwe mpaka karamu iishe. Kwacha iandikwe MK, kama wengi wafanyavyo. Kila herufi itambulishwe siku inapoingia, kwa sentensi moja ya kusema ni kitu gani na hupimwa kwa kipimo gani, kwani kusema y ni mavuno hakutoshi. Ni mavuno kwa kilo au kwa magunia, kwa ekari au kwa hekta? Na zikizidi kumi, jedwali la alama liwekwe mwanzoni, msomaji alirejee kama msafiri anavyorejea ramani. Wachapaji wana ada nyingine ambayo huonekana kuwa ya urembo nayo ni ya maana: herufi inayosimama badala ya kiasi huandikwa kwa mlazo, na alama ya kipimo huandikwa wima, hivi kwamba m iliyolala ni masi ya kitu na m iliyosimama ni mita. Asiyejali ada hiyo amempokonya msomaji tofauti ambayo haikumgharimu mwandishi hata senti.

Yapo mapatano mengine ambayo hayakuandikwa na mtaalamu yeyote, na wakulima wameyashika vizuri kuliko wasomi. Mfuko wa aina moja ya mbolea ya kupandia inayojulikana Malawi huandikwa 23:21:0+4S. Mtu aliyefundishwa uwiano skuli akiyatazama maandishi hayo kwa macho ya darasani atapata wazimu, kwa sababu nuktapacha zile hazigawanyi kitu, na alama ile ya kujumlisha haijumlishi 4 juu ya 0. Maana iko katika pahala: ya kwanza ni asilimia ya naitrojeni, ya pili ni ya fosforasi kwa kipimo cha oksaidi yake, ya tatu ni ya potasiamu, ambayo humo haimo, na ya mwisho ni salfa. Mwenye duka la pembejeo anajua, mkulima anajua, na tangu mfuko wa kwanza mpaka wa mwisho mpangilio haubadiliki. Siku mtengenezaji atakapoweka fosforasi mbele na naitrojeni nyuma kwa kuona kwamba hivyo ndivyo inavyopendeza, mahindi ya wilaya nzima yatajibu.

Waswahili wa Tanzania, ambao tangu mwaka 1967 husoma skuli za msingi kwa lugha yao, wana mkataba wao mashuhuri katika jambo hili, nao ni MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mtoto hulikariri neno hili kama wimbo, na ni neno zuri, la mkunjo wa Kiswahili safi, ambalo halikuazimwa popote kwa umbo lake. Lakini nina shaka nalo kidogo. Mpe mtoto 10 − 3 + 2, naye alishike neno kama lilivyo: jumlisha imetangulia toa, basi atajumlisha 3 na 2 apate 5, atoe katika 10, aseme jawabu ni 5. Jawabu ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa ni ndugu wa cheo kimoja, na anayetangulia ni yule aliye kushoto. Kadhalika kugawanya na kuzidisha. Mkataba ulifupishwa mno ili ukaririke, na kifungu kilichoachwa ndicho kilichokuwa na maana. Tena mpe mtu mzima 12 ÷ 2(1 + 2). Mwenye MAGAZIJUTO atasema 18. Mwingine, aliyezoea vitabu ambavyo namba iliyoshikamana na bano huhesabiwa kuwa kitu kimoja nalo, atasema 2. Na watu wameshatukanana sana juu ya vitendawili vya namna hii. Hakuna haja. Aliyekosa ni mwandishi, ambaye bano moja zaidi lingemwokoa, akalifanyia ubahili.

Ubahili huo umezidi tangu watu waanze kuandika hesabu kwa simu. Dzaleka wako vijana wanaosoma masomo ya juu kwa njia ya mtandao, kwa mipango ambayo Wajesuiti waliianzisha huko tangu mwaka 2010, na wengi katika nchi zetu sasa huwapelekea walimu kazi zao kwa kidole gumba. Kibodi ya simu haina mstari wa sehemu, wenye kiasi juu na asili chini. Ina mkwaju tu. Basi 1/2x ni nusu ya x, au ni moja chini ya x mbili? x ikiwa 4, la kwanza ni 2 na la pili ni 0.125. Mabano hayauzwi, yamo katika kibodi hiyo hiyo.

Lakini katika makosa yote ya alama, linaloniudhi kuliko yote halina uhusiano na Kifaransa wala Kiingereza, bali limeenea kila skuli niliyopata kuitembelea, nalo ni kuitumia alama ya usawa kama kamba ya kufungia mawazo. Mtoto huambiwa ajumlishe 3 na 4, azidishe kwa 2, kisha atoe 1; huandika 3 + 4 = 7 × 2 = 14 − 1 = 13, na jawabu lake la mwisho ni sahihi, kwa hiyo hupewa alama zote. Tazama alichokiandika: kwamba 3 na 4 ni sawa na 14, na 14 ni sawa na 13. Kwake ile mistari miwili si ahadi ya usawa, ni neno "halafu". Akikua, akafika kwenye milinganyo ambapo pande mbili lazima zitoshane kama mizani ya sonara, hashangai kwamba haelewi. Hushangaa mwalimu wake, ambaye kwa miaka sita alimruhusu aitumie alama hiyo kwa maana nyingine. Heri angemnyima alama moja ya ushindi darasa la tatu.

Mabingwa wameliandikia jambo hili kwa urefu. Paul Halmos, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Marekani, alitoa insha mwaka 1970 juu ya namna ya kuandika hesabu, na ndiye aliyeeneza kile kisanduku kidogo kinachowekwa mwisho wa uthibitisho kuonyesha kwamba hoja imekwisha, alama aliyoiazima kwa magazeti. Donald Knuth, aliyetunga programu ya kupangia herufi za hesabu iitwayo TeX, alifundisha mwaka 1987 katika Chuo Kikuu cha Stanford somo zima la uandishi wa hesabu, na miongoni mwa mawaidha yake yako haya: usianze sentensi kwa alama, usiziache fomula mbili zigusane bila neno katikati, jambo moja lisiitwe kwa alama mbili, wala alama moja isitumiwe kwa mambo mawili. Nimeyasoma mara nyingi, na kila mara huona kwamba hayasemi habari za hesabu hata kidogo. Yanasema habari za adabu kwa mtu asiyekuwepo.

Na ule mkato, je, na ile nukta? Nani ana haki, Bukavu au Lilongwe? Mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo na mizani uliamua jambo hilo mwaka 2003, na uamuzi wake ni wa hekima ya kizee: alama ya desimali yaweza kuwa nukta au mkato, zote mbili ni halali, lakini tarakimu zikitengwa tatu tatu ili zisomeke, zitengwe kwa nafasi tupu, isiwekwe humo nukta wala mkato. Hakushinda mtu. Kila nchi imeachiwa desimali yake, na kilichoondolewa ni kile tu kilichokuwa kinaleta fitina, yaani kuitumia alama ya mwenzio kwa kazi nyingine. Ndiyo sababu ya nafasi tupu niliyoiahidi mwanzo wa makala haya. Mwalimu wa Dzaleka hahitaji sheria mpya kutoka kwa mkutano huo. Akiandika 2 345 hakuna mtoto atakayemwelewa vibaya, na akitaka ile nyingine ataandika 2.345 baada ya kusema, siku ya kwanza ya muhula, kwa Kiswahili ikibidi, kwamba katika darasa hili nukta ndiyo desimali, na kwamba waliozoea mkato hawakufundishwa uongo.

Mimi mwenyewe sina cha kujivunia. Nilipotaka kwenda Dzaleka nilimwandikia dereva mmoja wa Kimalawi ujumbe kwa simu, nikamtajia mahali pa kunichukua hapo Kanengo, karibu na maghala, nikaongeza: kesho, 2:00. Akajibu, "Chabwino, bambo," yaani sawa, bwana, nami nikalala nimeridhika. Saa mbili ya asubuhi nilikuwa kando ya barabara na mkoba wangu. Malori yaliyobeba marobota ya tumbaku yakapita, jua likapanda, mama muuza mandasi akanihurumia akanipa kiti. Mhabeshi yeyote wa Dzaleka angenielewa, maana nao huhesabu saa tangu macheo kama sisi. Lakini Wamalawi huhesabu kama Waingereza, na hilo nilikuwa nalijua miaka mingi. Alifika saa nane ya mchana, bila kukosea hata dakika moja, uso umemjaa bashasha. Nilipoanza kufoka alinionyesha simu yake, nikaziona tarakimu nilizoziandika kwa kidole changu. Tulipofika Dzaleka watoto walikuwa wamekwisha kwenda zao, na ubao niliokwenda kuutazama ulikuwa umefutwa.